Mchanga wa Bonde Letu la Mpunga

Mgeni rasmi, mwanetu Nyimasata Kinteh, mgombea binafsi wa ubunge, Alkalo, mkuu wa kijiji chetu, Imamu wetu, wazee wetu, na ninyi vijana mliojibanza kule nyuma karibu na masufuria: amani iwe juu yenu nyote.

Sisi wanawake wa kafo, kikundi chetu cha bustani hapa Farokunda, tunakukaribisha nyumbani. Tumefurahi na hatufichi. Wengine wanaotaka kura hupita na vipaza sauti juu ya magari, sisi tukabakiwa na vumbi. Wewe umeshuka, umetawadha kwa maji ya kisima chetu, na tumekuona ulivyokunja uso uliposukutua. Naam, yana chumvi. Tutafika huko.

TULIKOTOKA

Kafo hili lilianzishwa na mama zetu, marehemu mama yako akiwa mmoja wao. Masika walilima mpunga bondeni, kiangazi wakalima vitunguu na bilinganya pembeni mwa bonde hilohilo. Wewe ulilala mgongoni mwa mama yako huku akipandikiza miche, na ulisoma kwa vitunguu vile. Hatukukumbushi ili utulipe. Tunataka tu wageni uliokuja nao wajue kwamba hapa hukuja kutembea.

TULIYOYAFANYA

Tumeizungushia bustani ua wa waya. Tumechimba visima kwa mikono yetu. Na mwezi huu tumewafundisha bibi zetu kupiga kura. Tulichukua sufuria kubwa ya harusi, tukaifanya pipa la kura, kila mmoja akatumbukiza gololi, maana kwetu kura ni gololi, si karatasi. Ngaa! Mama Sirreh Touray, mwenyekiti wetu, alivyoipenda ile sauti akatia na ya pili.

"Mama, moja tu! Ukitia mbili utafungwa!"

"Wanifunge," akajibu. "Huko jela nasikia maji ni matamu."

Tulicheka sana.

YANAYOTUUMA

Mgeni rasmi, tulikusikia redioni. Ulisema chama chako kilikunyima nafasi kwa sababu ulikataa kuyafumbia macho mashimo ya mchanga, ndiyo maana umesimama peke yako. Ulisema watu wakisikia mazingira wanafikiria ndege na watalii, wakati swali ni nani anachimba na nani anachimbiwa, nani anajengewa hoteli na nani anakunywa chumvi. Ulisema bila haki kwa maskini, kupanda miti ni kupiga picha. Wallahi tuliacha kumenya karanga, tukapiga makofi kama vile uko jikoni nasi.

Lakini anayechimba mchanga wa bonde letu hakutoka mbali. Ni Dembo, kaka yako. Tulimfuata hadi shimoni kumsihi aache.

"Mama zangu, mchanga hauliwi," alisema, mguu mmoja juu ya tairi la lori.

"Na mwakani utakula nini, tofali?" akamuuliza Mama Sirreh.

Akacheka, akawasha lori, akaenda zake. Kingo zilizokuwa zikizuia maji ya bahari zikaisha kidogo kidogo. Chumvi ikaingia, na mpunga ukageuka manjano kabla haujatoa masuke. Sasa nusu ya bonde hailimiki, na visima vya bustani umevionja mwenyewe.

Tuseme na hili, kwa mapenzi. Ile nyumba yako ya mjini yenye baraza nzuri, aliyokujengea Dembo, matofali yake ni bonde letu. Huenda hukujua. Sasa unajua.

Na hao vijana walio karibu na masufuria ndio wanaopakia lori. Ni watoto wetu, tumewazaa sisi. Kibarua hicho kimeleta sukari majumbani mwetu na tumeinywa. Kwa hiyo usituambie habari ya kufunga shimo bila kutuambia habari yao. Anayetaka kuliokoa bonde kwa kuwaacha wao na njaa, huyo naye hatumtaki.

TUNAYOYAOMBA

Fulana hatuombi. Mchele wa gunia hatuombi, tulikuwa na wetu. Tunaomba shimo lifungwe kabla ya mvua, tusingoje hadi baada ya kura. Tunaomba lijengwe tuta la kuzuia maji ya chumvi, na vijana hawa wawe wa kwanza kuandikwa kazi. Ombi la mwisho ni la leo hii.

Siku ya kura kila mgombea huwa na pipa lake lenye kengele, na ndani hutandazwa mchanga, ili kengele ilie mara moja tu gololi inapotumbukia. Hata huo mchanga mwaka huu huenda ukawa wetu. Tunatamani kengele ya pipa lenye picha yako ilie mpaka walio nje waichoke. Ila sauti ya redioni peke yake hatuwezi kuipa kura.

Lori la Dembo huja baada ya sala ya alasiri. Sherehe hii tumeipanga saa hii makusudi, utuwie radhi. Risala ikiisha, kila mwanamke atanyanyua kiti alichokalia, twende tukakae njiani, pale kwenye kona ya kushukia shimoni. Hatutamtukana kaka yako. Tutakaa tu, naye atachagua. Kiti chako ni hicho chenye mto mwekundu, tumetafuta chepesi. Kama maneno yale ya redioni ni yako, kinyanyue. Ukikiona kizito, kiache. Tutakusindikiza kwa heshima hadi kwenye gari lako, na hatutakusema vibaya.

Mwenyezi Mungu amrehemu mama yako, akupe moyo wa kumkabili ndugu bila kumchukia, na aturudishie maji yetu. Domoda, mchuzi wetu wa karanga, imeiva, tumeifunika. Tutakula tukirudi.

Ni sisi, Kafo la Wanawake wa Bustani, Farokunda.

Imesomwa kwa niaba yao na katibu, Tida Manneh, akiwa amesimama tangu mwanzo, kwa kuwa kiti chake kimeshatangulia njiani.