Chai Iliyofunikwa

Nje ya kibanda cha kinyozi, mkabala na geti la chuo, kuna benchi ambalo Digrii hulikalia akitoka kufundisha. Ni mhadhiri, somo lake ni joto na nishati, kwa wanaosomea uhandisi wa kemikali. Leo ametokea kipindi kikiwa katikati, vidole vimejaa chaki, na kahawa aliyopewa hajaigusa. Ndiyo siku yake ya kwanza kazini tangu amzike mkewe.

— Wanafunzi wamekushinda? akauliza Kinyozi.

— Wa uzamili hawana shida. Unawaandikia mlinganyo, wanapigana nao wenyewe. Mwaka wa tatu nawapa mtambo, wanatafuta joto linapotelea wapi. Kazi iko kwa mwaka wa kwanza. Hao bila mfano hawaelewi.

— Si uwape mfano.

— Ninao mmoja tu, miaka yote. Chai aliyokuwa akinifunikia mama watoto nikichelewa kurudi. Nimeuanza, sauti ikakata. Sijui kama nitarudi mle.

Fundi Redio, aliyekaa kando yake na ambaye hakosi la kusema, akataka kumchangamsha.

— Kwani kifuniko kinasaidia nini? Mimi naona mvuke ukikosa njia unarudi kuipasha chai.

— Acha uongo, akasema Dobi kutoka mwisho wa benchi. Kile ni blanketi. Chai nayo inasikia baridi, kama mtu.

— Kama mtu kabisa. Ndiyo maana hata maiti tuna...

Fundi Redio akajiuma ulimi, amechelewa. Neno lilikuwa limeshamchoma Digrii. Kinyozi, kwa kukosa la kufanya, akachukua kisahani akaifunika ile kahawa.

Hapo akavuka barabara binti wa mwaka wa kwanza, daftari mkononi.

— Samahani mwalimu. Wenzangu bado wamekaa darasani, mfano hukuumaliza. Ukirudi nyumbani, ile chai ulikuwa unaikuta ya moto?

Benchi zima likatazama chini. Digrii akafunua kahawa, akaionja kidogo.

— Ilikuwa imepoa. Kila siku. Kifuniko kinachelewesha tu, hakizuii. Ila mama watoto mwenyewe akiniuliza, nilikuwa namwambia ya moto.

Binti aliandika, kisha kalamu ikasimama.

— Niandike yote, mwalimu?

— Ishia kwenye kuchelewesha, akasema Digrii, akiinuka. Hayo mengine ni ya nyumbani kwangu. Twende, wenzako wanangoja.

Wakavuka pamoja. Kinyozi akakifunika tena kile kikombe.