Msalimieni Maundu Kabla ya Kukaa

Wasikilizaji wapendwa, karibuni, mlio Voi mjini na mlio juu kwenye ukungu wa Werugha. Leo tunamkumbuka Susu Syokau wa Mbololo. Susu, yaani nyanya, ndivyo majirani wote walivyomwita. Alifariki Jumapili. Anazikwa Jumamosi. Na mpaka jana mchana, familia yake haikujua itamzika wapi.

Susu Syokau alitaka kitu kimoja: kulala kando ya mumewe, Maundu, aliyezikwa nyuma ya nyumba yao. Alilima mbaazi pale tangu alipoolewa. Mji ndio uliomfuata. Reli mpya ilifika, mpaka wa mji ukasogezwa, akaambiwa shamba lake sasa ni eneo la makazi.

"Kwani mimi miaka yote nilikuwa nakaa wapi?" akawauliza maofisa wa mji. "Juu ya mti?"

Eneo hilo lilitengewa nyumba zisizo za ghorofa. Narudia: zisizo za ghorofa. Bwana Kaloki akanunua kiwanja jirani, akapandisha ghorofa nne. Susu alipanda bodaboda mara nyingi kwenda ofisini kulalamika. Kila mara aliambiwa hakuna mtu wa kwenda kupima.

"Mama, haya ni maendeleo," wakamwambia.

"Basi maendeleo yaache kumwaga maji ya kufulia kwenye mbaazi zangu!"

Lakini wapangaji wenyewe hakuwanunia. Kaloki hakuwaachia hata mahali pa kuanika nguo, kwa hiyo wakaja kwa Susu. Kaburi la Maundu lina saruji laini, na mwarobaini unalitia kivuli. Akina mama walikaa hapo wakichambua mboga. Watoto walifanyia hapo kazi za shule. Susu alikuwa na sharti moja tu. Mpangaji mmoja, Carolyne, anasimulia:

"Siku ya kwanza nilikaa, akatoka jikoni na mwiko. 'We msichana, unamkalia mume wangu bila hata salamu?' Tangu hapo nikawa nasema, 'Habari ya asubuhi, Mzee Maundu.' Na Susu anajibu kutoka jikoni, 'Anasema nzuri!'"

Susu alipofariki, Kaloki akakimbilia ofisini. Kaburi jipya litafukuza wapangaji, alisema, na eneo la makazi si la makaburi. Wasikilizaji, hapa hata mvumilivu anachoka. Ofisi iliyokosa mtu wa kupima ghorofa ilimpata mtu wa kupima kaburi. Jana alifika, tepu mkononi.

"Mama aliwalilia mkakaa kimya," Ngina, bintiye Susu, akamwambia. "Leo mmekuja mbio kwa sababu hawezi kuwajibu?"

Kaloki akasema wapangaji wake wanaogopa. Carolyne akainuka pale pale kwenye saruji alipokuwa amekaa.

"Tunaogopa nini? Wewe ulitunyima hata kamba ya nguo. Susu alitupatia mume wake tumkalie!"

Uwanja mzima ukacheka. Ofisa akakunja tepu, akasema, "Kama majirani hawana neno, mzikeni mama hapa." Ngina akamwomba, maadamu amekuja na tepu, apime na ghorofa. Akasema atarudi.

Haya. Tutamngoja.

Pole sana, Ngina, na familia yote ya Susu Syokau. Nawe unayechimba msingi leo hapa kwetu, jiulize: ulimkuta nani hapo, na je, ulimsalimia? Na nyinyi wa ghorofani, kuanzia Jumapili, kabla hamjakaa, salamu ni mbili.