Taulo la Daraja la Tatu

Mwaka 1955, kwenye basi la Usa River, nilichungulia cheti cha kijana aliyekaa mbele yangu: Aminieli, mwalimu wa ngumi, daraja la tatu, la mwisho. Jirani yake, mama asiyemjua, alimhoji kama karani wa mahakama.

"Mtihani ulikuwaje?"

"Nilipewa bondia nimsimamie ulingoni. Nikarusha taulo, pambano likasimamishwa. Nilijua nimefeli."

"Bondia wako alikuwa anapigwa?"

"Alikuwa anashinda, mama. Ila kwenye mapumziko nilipomuuliza jina la mama yake, akanitajia la ng'ombe wao; ngumi zilishamvuruga kichwa."

"Anashinda, nawe ukamzuia! Wakakupa cheti?"

"Kwa hilo hilo." Alishusha pumzi kama mtu aliyetua gunia.

Basi lilisimama njia panda ya Kikwe. Mama alishuka, akarudi dirishani.

"Huyo bondia anaendeleaje?"

"Nimemwacha anapalilia kahawa."

"Bwana asifiwe," alisema, akajitwika ndizi zake. "Lakini alikuwa anashinda."