Ratemo wa Mizani na Filamu ya Nyamoita

Baada ya miaka kumi na minane ya kupima majani ya chai ya wakulima wa Manga, Mzee Ishmael Ratemo anastaafu Ijumaa, tarehe 29 Juni 1979. Tutamuaga mapema, maana ni Msabato, na jua likitua hatumpati tena. Nimeombwa kuandika mimi, karani wa stoo, kwa sababu wenzangu wote walisema wana kazi.

Alianza mwaka 1961, kituo cha kununulia majani cha kiwanda chetu kikiwa paa la mabati na mizani moja. Hajawahi kuongeza wala kupunguza hata ratili moja. Mama yangu mzazi, aliponyunyizia majani maji ili yawe mazito, alirudishwa nayo mbele ya foleni nzima. Alifika nyumbani akiniambia huyo rafiki yangu hakuzaliwa, alichongwa.

Mwaka 1965 walikuja Wajerumani kupiga filamu ya wachuma chai. Aliyewapendeza zaidi ni Nyamoita, mkewe Ratemo, mama aliyecheka hata bila kuchekeshwa. Walisema filamu itaonyeshwa Nairobi. Mwaka 1968 homa ya siku nne ikamchukua. Ndipo ikajulikana kwamba nyumbani hapakuwa na picha yake hata moja; ile ya harusi ililiwa na mchwa.

Tangu hapo, kila likizo Ratemo alipanda basi pale Keroka kwenda Nairobi kuitafuta filamu hiyo. Majumba makubwa ya sinema za Kiingereza hayakumsaidia. Aliulizia yale madogo ya lugha za kigeni: la Wahindi nyuma ya soko, la Waitaliano juu ya duka la viatu, la Wafaransa lenye viti kumi na viwili. Kila jumba aliliandika katika daftari, na lugha yake, na siku zake. Jumapili nzima aliketi akitazama watu wakilia kwa Kihindi, naye akilia kwa sababu zake. Wazee wa kanisa walipomwita kumuuliza Msabato anafuata nini sinema, alijibu kwamba anamfuata mkewe. Hawakumwita tena.

Mwaka 1974 dereva wetu wa lori, Fred Obura, alileta habari. Wajerumani wana ukumbi wao Nairobi, na filamu ya chai ya Manga itaonyeshwa mara moja tu, kisha irudishwe kwao. Siku yenyewe Jumamosi, saa kumi, jua likiwa juu na Sabato haijaisha. Obura alimwambia aingie tu, Mungu ataelewa. Ratemo akasema Mungu huenda akaelewa, lakini yeye mwenyewe hatajielewa. Akaniomba mimi, Mkatoliki, niende niwe macho yake.

Asubuhi hiyo, yeye akiwa kanisani hukohuko Nairobi, niliutafuta ukumbi huo kwa miguu. Nilipotea mara tatu. Mara moja niliingia katika harusi ya Wahindi, wakanilisha. Saa kumi nilikuwa kitini, nimeshiba, nyayo zinawaka moto. Ratemo aliketi nje kwenye ngazi, Biblia magotini. Taa zikazimwa. Nilichosikia baadaye ni viti vikikunjwa na watu wakitoka. Filamu ilikuwa imekwisha.

Nje, jua lilikuwa bado juu ya mapaa. Ratemo alisema amemsikia. Katikati ya Kijerumani, Nyamoita alikuwa akiwahimiza wanawake kwa Kikisii wajaze vikapu, maana mizani ya mume wake haina huruma. Kisha akaniuliza alionekanaje. Nikamwambia alikuwa akicheka, amefunga kitambaa cha manjano. Akanishukuru. Daftari lile hakulifungua tena.

Wiki jana nilimpelekea wasifu huu ausahihishe. Kitambaa cha manjano kilikuwemo. Alikikata kwa penseli, taratibu, kisha akanieleza kwamba mlango wa ukumbi ule ulikuwa wa mbao nyembamba. Siku ile alisikia sauti mbili anazozijua: ya mkewe, na mkoromo wangu.

Miaka mitano alijua, na kila siku saa nne alinimiminia chai kama kawaida. Uzito huo wa uongo nimeurekebisha hapa, mbele ya wote, kama ambavyo angetaka.

Asante, Mzee Ratemo, kwa mizani yako na kwa kimya chako. Kiwanda kizima kinakutakia mapumziko mema huko Manga, na wa kwanza kukutakia ni yule aliyelala.

Okemwa, karani wa stoo