Makunyanzi ya Shafti

Kijiwe cha nje ya duka la kinyozi kina benchi moja, birika moja la kahawa na ubishi usioisha. Asubuhi hiyo, katikati ya benchi, juu ya kitambaa safi, shafti ya mashine ya kusaga ilikuwa imelazwa vipande viwili kama marehemu mwenye heshima zake. Cheche, mchomeleaji, ndiye aliyeiunga mwezi uliopita, na mtaa mzima ulishasema weldi yake ni gundi ya karatasi. Roho ilimuuma. Mpwa wake, anayesomea vyuma chuoni, alikuwa njiani kuja kuichukua akapime pale ilipokatika.

Futi, fundi cherehani, akashika vipande avikutanishe, kama afanyavyo kila mtu na kitu kilichovunjika.

— Acha! Cheche alimchapa mkono. — Vikisuguana, makunyanzi ya pale ilipokatika yanafutika. Mpwa wangu anayataka hayo hayo.

— Makunyanzi? Kwani chuma nacho kinazeeka?

— Anayapima kwa hatua kubwa, kisha ndogo, kisha ndogo zaidi. Kwa jinsi urefu unavyozidi kila hatua inapopungua, anajua ufa una mikwaruzo kiasi gani, na kama ulikuja polepole au ghafla.

Futi alinyoosha futi yake juu ya chuma, bila kugusa.

— Kwa futi, vidole vinne. Uzi ukiingia kila bonde, ungefika sita!

— Na sisimizi je? aliuliza Redio, kinyozi. — Yeye anashuka makorongo yote. Kwake hiyo ni safari ya kutwa.

— Na kijidudu cha homa? aliuliza Futi.

— Huyo atazeekea njiani! Ndiyo maana wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba.

— Kwa hiyo humu mna barabara ndefu kuliko ya kwenda mpakani?

— Tena haina lami! Cheche, wewe hukuharibu shafti, umefungua njia. Mgeni njoo, mwenyeji apone!

Cheche alicheka, mara ya kwanza tangu shafti ilipokatika juzi. Kicheko kikamkauka alipomwona Mama Mashine, mwenye shafti, amekuja kuichukua ampelekee fundi mwingine aisawazishe kwa grinda na kuiunga upya leo hii. Alikuwa amewasikiliza, mikono kiunoni.

— Na hayo makunyanzi yatasema nani amekosea?

Redio akaangalia birika. Futi akakunja futi yake.

— Sijui, mama, alisema Cheche. — Huenda ni mimi. Huenda chuma kilikuwa na ufa wa zamani. Lakini ikipigwa grinda leo hatutajua kamwe, na itakatika tena. Kama ni mimi, nitasema hapa hapa, mbele ya hawa wambea.

Mama Mashine aliinama, akapatazama pale palipokatika.

— Hebu sogeeni, alisema, akaketi. — Huyo mpwa wako anafika saa ngapi?