Chef wa Namna Gani

Kule Anderlecht, Ubelgiji, mbele ya duka la kufua nguo kwa mashine, pana benchi ambalo commune, serikali ya mtaa, ililiweka ili watu wapumzike, na watu wetu wakaligeuza kuwa wizara. Asubuhi hiyo maman Marie-Jeanne alikuwa amefika na thermos yake ya kahawa. Tonton Dady, mjomba wa kila mtu pale, aitwaye Général kwa sababu anachunga mlango wa jengo moja huko Schuman, mtaa wa maofisi, na ana kofia ya kazi, alikuwa ametoka zamu. Yusufu wa Tanga, ambaye alihudhuria semina ya wikendi moja na tangu hapo anaitwa Coach, alikuwa anangoja suruali zake zikauke. Katikati yao alikaa Élisée, jina la benchi Master, kwa heshima ya diplôme yake ya gestion, yaani uongozi wa biashara, ambayo mpaka leo haijamletea hata mshahara mmoja. Alikuwa amevaa veste, koti la suti. Mchana huo alikuwa na entretien, usaili wa kazi: chef d'équipe, msimamizi wa kikundi, katika kampuni ya kusafisha maofisi. Ruhusa aliyopewa ya kukaa Ubelgiji akitafuta kazi ilikuwa inaisha mwezi huo. Akiikosa hii, anarudi Bukavu na diplôme yake kwenye valise. Na bibi mmoja wa kampuni alikuwa amempigia simu ajiandae kwa swali moja: style yake ya kuongoza watu ni ipi, na anaitumia wakati gani?

— Sema autoritaire, alisema Général. Unatoa ordre, bantu banafanya. Bingine byote ni poésie.

— Hiyo ni ya wakati wa moto, tonton, alisema Élisée. Alarme ikilia, hauwezi kuuliza kila muntu anajisikia namna gani. Lakini bureau haichomeke kila siku.

— Kwani ni lazima ichomeke? Chef mwenye akili anatembeaka na alarme yake mu mufuko. Lundi asubuhi analiza. Mercredi asubuhi analiza tena. Bantu banazoea kukimbia, na weye unazoea kuonyesha njia.

Élisée alimtazama kama mtu anayesoma bei ya kitu asichokusudia kununua.

— Tonton, weye unachunga mulango yenye kujifungua yenyewe. Hata ukilala, kazi inaendelea.

Yusufu alicheka. Général hakucheka; alivua kofia, akaipangusa.

— Musikilize maman yako, alisema Marie-Jeanne huku akimmiminia Élisée kahawa. Sema démocratique. Chorale ya paroisse, kwaya yetu, mi niliiongoza vile. Kila kitu, tunapiga kura. Hata pagne ya kushona sare.

— Na pagne ilipatikana?

— Ilichukua mwaka. Bon, bamoja baliondoka, bakaanzisha chorale yabo.

— Voilà. Démocratie, maman, ni ya bantu benye kujua kazi na benye kuwa na wakati. Benu balikuwa na wakati tu. Sasa paroisse iko na chorale mbili, na hakuna hata moja inaimba sauti juste.

Maman Marie-Jeanne akafunga thermos. Kikombe cha Élisée kilikuwa kimefika nusu.

— Ndugu zangu, mnabaki nyuma, alisema Yusufu. Dunia ya sasa ni servant leadership. Unaingia ofisini asubuhi, unawauliza vijana wako: niwasaidie nini? Unashika ndoo, unapiga deki pamoja nao.

— Bakiona unapiga deki, bao batakaa, alisema Général.

— Waache wakae. Hiyo ndiyo trust. Halafu unapanda level, unawaachia kabisa. Kiongozi bora haonekani. Mwezi mzima hawaijui hata sura yake, na mambo yanakwenda.

— Huyo haiko chef, alisema maman. Njo proprio, mwenye nyumba yangu. Chauffage ya kupasha nyumba moto ilikufa mbele ya Noël, na sura yake mpaka leo siiyue.

— Exactly. Na bado unaishi humo.

Élisée akaweka kikombe chini. Akamgeukia Yusufu.

— Coach, muntu unamuachilia kama anajua kazi na anaipenda. Weye semina yako ulikula sandwich za bure siku mbili, leo unakuja kufundisha dunia. Mi niliandika mémoire nzima ya université juu ya hii kitu. Mupya, unamuonyesha. Muzoefu, unamuachilia. Moto ikiwaka, unaamuru. Jibu ni moja: ça dépend, inategemea.

— Ça dépend ni jibu ya muntu hana kazi, alisema Général.

— Na ile yenu ni jibu ya bantu benye hakuna hata muntu moja atabauliza.

Nyuma yao alikuwa amesimama Kabeya na mfuko wake wa nguo zilizofuliwa. Alikuwa ametoka Lubumbashi juzi juzi tu, analala kwa Général, na alikuwa amesikiliza kwa adabu ya mgeni. Kwao mtu akipata poste ya kazi haingii peke yake: ndugu, majirani, hata wa kanisani, wanajipanga nyuma yake. Na hapa alikuwa amesikia kwamba contrat ya kazi ya Général inakatika, kwamba Yusufu anatafuta masaa zaidi, kwamba Jémima, binti wa maman, anashinda nyumbani bila kazi.

— Samahani, mi niko mugeni. Huyu akipata hii kazi, kati yenu njo nani ataenda kufanya kazi chini yake?

Général akavaa kofia, akaivua. Yusufu akasimama kwenda kuangalia suruali zake, ingawa mashine ilikuwa bado inazunguka. Maman Marie-Jeanne akaanza, Jémima..., akaishia hapo. Élisée alimtazama mmoja baada ya mwingine, kwanza akitabasamu, halafu bila tabasamu.

— Na weye, yaya, mukubwa wangu? Élisée alimuuliza Kabeya.

— Mi? Mi sikuyue weye bado, mudogo wangu.

Élisée akainuka, akanyoosha veste, akashuka ngazi za metro. Mpaka Schuman, kwenye entretien, ni ligne moja, hakuna kubadilisha. Alipata kiti, akafumba macho, akaanza kutafuta katika watu wote anaowajua mmoja, mmoja tu, ambaye angekubali kufanya kazi chini yake.