Mkubwa wa Nyumba Kule Kanama

Mgeni rasmi, Bi Illuminée, mratibu wa Baraza la Vijana wa Maziwa Makuu, burugumesitiri wetu anayeongoza komini yetu, wazazi wetu wa Kanama, Mahoko na Cyanzarwe, na ninyi marafiki mliovuka mpaka asubuhi hii kutoka Goma: karibuni sana Gisenyi. Viti visipotosha tutabanana.

Tuliambiwa utafika saa nne, nawe ukafika saa nne kweli. Wageni wa namna hiyo hatujawazoea, ndiyo maana ulitukuta bado tunahangaika na ngoma. Tusamehe kwa hilo.

TULIKOTOKA

Umoja wetu ulianza mwaka 1997, wakati barabara ya Kanama ilikuwa ya kuogopwa kwa sababu ya vita. Tulikuwa kundi la kuchimba vyoo na kuezeka nyumba za wazee, basi. Wengine tulirudi kutoka Tanzania, wengine Uganda, wengine Kongo, wengine hatukuwahi kutoka. Mwanzoni tulitazamana kwa macho ya pembeni. Ila ukishachimba shimo na mtu, mkapokezana sululu, mtazungumza tu, mtake msitake. Wenzetu wa Goma walipojiunga tukawa na wa kutusaidia kuulizia ndugu waliopotea upande wa pili.

Katika kuingia nyumba hadi nyumba ndipo tulipoona jambo ambalo hatukulitegemea. Nyumba nyingine hazikuwa na mtu mzima hata mmoja.

TULIYOFANYA

Hapa, mgeni rasmi, turuhusu tukueleze habari za mwenzetu mmoja, Nyiramana. Ana miaka kumi na saba. Anaishi Kanama na wadogo zake watatu, ambao amewalea tangu mama yao alipofariki katika kambi ya wakimbizi, upande wa Goma. Baba yao hakurudi. Nyiramana hana mchezo: mdogo wake akichelewa kutoka kisimani, kilima kizima kitajua.

Mwaka jana maharagwe ya msaada yaliletwa Mahoko, naye akapanga foleni kama watu wengine. Zamu yake ilipofika, mgawaji akamtazama juu mpaka chini.

“Leta mukubwa wa nyumba,” akamwambia.

“Mukubwa ni mi.”

“We uko mutoto. Nenda, ulete mutu mukubwa.”

Nyumbani kwa Nyiramana hakukuwa na hata kiazi. Alitamani kulia, akaona kulia kutamfanya aonekane mtoto kweli. Akaondoka. Watu wakadhani amekata tamaa, kumbe amekwenda kuwachukua wadogo zake. Alirudi nao, akawasimamisha mbele ya magunia.

“Donc, basi, uliza hawa mukubwa wao ni nani,” akasema.

Wote wakamwonyesha yeye kwa kidole, hata yule mdogo kabisa ambaye kusema kwenyewe alikuwa anajifunza. Foleni ikaangua kicheko, mgawaji naye akacheka, na maharagwe yakatoka.

Wiki hiyohiyo tulikwenda naye kwa burugumesitiri, ambaye yuko hapa na ni shahidi wetu. Alitusikiliza. Tangu siku ile, katika komini yetu, mtoto anayelea wenzake hupokea msaada kwa jina lake mwenyewe. Wenzetu wa Goma wakaipeleka hoja kwa vijana wa kwao, ikatembea, ikafika kwenye Baraza lako. Mwezi ujao vijana wa nchi nyingi wataijadili Nairobi, kisha ipelekwe Geneva kwa wakubwa wa dunia. Hoja hiyo ilizaliwa Mahoko, kwenye magunia ya maharagwe, na tunalisema hilo kifua mbele.

KINACHOTUKWAZA

Kumchagua wa kwenda Nairobi hakukutusumbua. Tulifanya kama watu walivyopiga kura mwezi wa tatu: kila mmoja akasimama nyuma ya anayemtaka. Ngoga, mwenyekiti wetu, naye alikuwa mgombea. Aligeuka, akaona nyuma yake hakuna hata paka, akacheka, akaenda kusimama nyuma ya Nyiramana.

Kisha tukaambiwa utaratibu. Mjumbe ambaye hajatimiza miaka kumi na minane lazima mzazi wake afike ofisi ya Baraza lako, Kigali, kumruhusu.

Mama Saidati, mshonaji wa hapa mjini, aliposikia hivyo alijitolea papo hapo. “Mi nitakuwa mama yako siku moja tu,” akamwambia Nyiramana. “Mungu hatakasirika.” Akamshonea gauni, wakapanda gari pamoja, na njia nzima akawa anamfundisha la kujibu. Sote tuliona hiyo ndiyo akili. Nyiramana pia alikubali, maana Nairobi aliitaka sana, na jibu alikuwa amelishika vizuri.

Ofisini afisa akamuuliza, kwa upole tu, “Huyu ni mama yako?”

Nyiramana akalitazama gauni aliloshonewa. Aliwaza: nikiitikia, basi yule mgawaji wa Mahoko alikuwa na haki. Nyumba yetu haina mkubwa mpaka aazimwe wa watu.

“Hapana,” akasema. “Huyu ananipenda, lakini mama yangu alishakufa. Kule kwetu mukubwa ni mi.”

Afisa akasema pole, akafuata utaratibu: mzazi akipatikana, warudi. Mama Saidati alilia njiani mpaka Gisenyi, si kwa kukasirika. Nyiramana ndiye aliyembembeleza. Juzi tumeletewa ujumbe kwamba tutafute mjumbe mwingine.

OMBI LETU

Mgeni rasmi, risala nyingi huomba mabati na saruji. Sisi leo hatuombi bati hata moja. Hata mpira hatuombi, ingawa wetu umeshakufa. Tuna ombi moja, na liko mikononi mwako: Nyiramana ajiruhusu mwenyewe, kama mkubwa wa nyumba yake.

Hatuombi wewe usimame mahali pa mzazi wake, ingawa tunaamini unao moyo huo. Akiingia mkutanoni kwa mzazi wa kuazima, hoja yake itakuwa imeshafia mlangoni. Kuhusu nyumbani, usiwe na wasiwasi. Amekwishapanga kila kitu: mwenzetu Murekatete atalala na wale watoto, na viazi vimepaliliwa. Mjumbe mwingine hatutapeleka. Kama ni lazima kiti kikae wazi, kikae wazi na jina lake juu yake.

Tunamalizia. Hukuwahi kumwona Nyiramana, kwa hiyo hukuweza kumtambua. Risala hii tumeiandika sote, lakini aliyesimama mbele yako kuisoma ni yeye. Umemsikiliza kuanzia salamu mpaka hapa, nawe hukuuliza ni nani aliyemruhusu kusema.

Imana, Mungu wetu sote, akurudishe salama kwa watu wako, na akupe neno la kutuachia kabla hujaondoka.

Ni sisi, wako katika kazi,
Umoja wa Vijana Jirani,
Gisenyi, 1999.